UZI: Chaneli 16 ni mlango wa kupigia hodi, si kijiwe. Wenye redio za VHF baharini njooni tusemezane

MkondoWaKusi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni nahodha wa boti ya kupeleka wageni kuzamia, tunatokea Nungwi. Miaka yote nasoma tu humu, leo nafungua mdomo kwa sababu wiki iliyopita nilikaa dakika 40 juu ya maji nikisikilizishwa taarabu nisiyoiomba.

Tulikuwa tunarudi kutoka Mnemba, wageni sita, mzamiaji wao mmoja, mimi na kijana wangu. Kusi limechangamka, lakini si la kutisha. Tunaizunguka Ras Nungwi, injini ikapandisha joto, ikapiga kelele, ikazima. Tukaibembeleza, wapi. Nanga haisaidii kitu pale, kamba yangu haifiki chini hata uifunge na ya jirani. Kusi na mkondo vinatusukuma kaskazini, Unguja inabaki nyuma, Pemba iko mbali huko mbele.

Nikashika mikrofoni, chaneli 16, wati 25, nikaita Pan-Pan, wito wa dharura, kama nilivyofundishwa. Nikaachia kitufe nisikilize jibu. Fidla, qanuni, mwanamke anaimba, na nyuma yake vicheko na sahani zinagongana. Mtu kaikalia mikrofoni yake, kitufe kimebanwa, na karamu yao yote inarushwa hewani kwenye chaneli ya kuokolea watu. Nikaita mara ya pili. Mara ya tatu. Kijana wangu akaniambia, "Nahodha, wimbo wenyewe mzuri." Nusura nimtupe majini.

Kilichotuokoa ni mazoea tu. Sisi manahodha watano tuna mapatano, kila asubuhi kabla ya kutoka tunaambiana kwamba siku hiyo tutasikilizana 72. Nikahamia 72, nikamwita mwenzangu, akaja na kamba. Basi.

Sasa niseme langu. 16 ni mlango wa nyumba. Unapiga hodi, ukiitikiwa unaingia ndani, husimami mlangoni kusimulia habari za harusi. Unaita: "Boti fulani, boti fulani, hapa boti fulani." Akiitika unamwambia, "Twende 72." Anarudia, "72." Mnahama. Mazungumzo ya kawaida pale mlangoni hayatakiwi kuzidi dakika moja, na hilo ni sharti la kimataifa, sikulitunga mimi. Hata kuita kwenyewe kuna kipimo: ukiita mara tatu kwa kupishana dakika mbili mbili na hakuna jibu, unaacha kwanza, unampa mwingine nafasi.

Karibuni. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye kuniumbua aniumbue.

---

Kiti_cha_Mbele

Naweka mkeka hapa nasubiri wajuzi. Mimi bahari naiona kwenye feri ya Kigamboni tu.

---

PwezaMkavu

Pole sana mkuu. Swali la mshamba: hizo redio zina tofauti gani na redio kolu za walinzi wa mageti? Nina mbili nyumbani, siwezi kuzipeleka baharini?

---

MkondoWaKusi

@PwezaMkavu za walinzi zinapangwa masafa ya kampuni husika, watu wachache wanasikilizana wao kwa wao. Ya bahari ina chaneli zilizokubaliwa dunia nzima, kwenye masafa ya 156 hadi 162 MHz. Meli ikitoka China, ikitoka Brazili, 16 yake ni 156.800, na yangu ni hiyo hiyo. Ukiwa na ya walinzi utaita mpaka sauti ikauke, utamsikia mlinzi mwenzako tu, kama yuko karibu.

---

Ofisa_Redio_Mstaafu

Nimepita, nikaona uzi wa fani yangu, nimeshindwa kunyamaza. Nilikuwa ofisa wa redio melini, zama tunapiga Morse, zile nukta na mistari. Nahodha umesema vema, naongeza mawili.

Kwanza, kwa nini mtu mmoja anaweza kuziba chaneli nzima. VHF ya bahari inatumia FM. Kwenye FM mawimbi mawili yakigongana katika chaneli moja hayachanganyiki kama sauti za sokoni. Lenye nguvu zaidi mahali alipo msikilizaji ndilo linalosikika, dhaifu linamezwa kabisa. Kwa hiyo aliyekuwa karibu na huyo wa taarabu alisikia taarabu. Aliyekuwa karibu na wewe huenda alikusikia vizuri tu na akakujibu, ila wewe jibu lake hukulipata kwa sababu kwako taarabu ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Dawa yake ndiyo hiyo uliyoifanya, kuhama.

Pili, umbali. Watu wanadhani wati ndizo kila kitu. VHF inakwenda kwa kuonana, antena na antena. Hesabu ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, zidisha kwa 4, unapata kilomita za upeo wako. Redio ya mkononi umeishika mita moja na nusu juu ya maji ina upeo wa kilomita 5 hivi. Mwenzako naye ana 5. Jumla 10, hapo ndio mwisho wenu, hata betri ziwe mpya. Lakini meli ya makontena yenye antena mita 36 juu ina upeo wa 24 peke yake, ukijumlisha na 5 zako ni karibu 30. Ndiyo maana anayeelea na redio ya mkononi anaweza kusikiwa na meli iliyo mbali kabla ya kusikiwa na mvuvi wa karibu yake. Na ndiyo maana antena inafungwa juu kadiri boti inavyoruhusu, haichomekwi kando ya ndoo ya chambo kama ninavyoziona.

Zamani tulikuwa na kitu kinaitwa dakika za kimya. Kila saa, mara mbili, dakika tatu tatu, ofisa wa redio anaacha kutuma anasikiliza tu kama kuna mnyonge anaita kwa mbali. Saa ya ukutani kwenye chumba cha redio ilipakwa rangi vipande hivyo ili usisahau. Siku hizi kila mtu anasema, nani anasikiliza?

---

Mtumbatu_Asili

Shehe mstaafu, Mungu akupe umri. Hapo kwenye ndoo ya chambo umenisema mimi kabisa.

---

SimuTosha

Mimi niwe muwazi, haya mambo ya redio ni kujitafutia gharama. Simu ninayo, namba za wenzangu ninazo, mtandao unashika mpaka mbali. Nikikwama napiga simu. Kwa nini ninunue redio, nitafute leseni, nijifunze Alfa Bravo za kutajia herufi?

---

Dada_wa_Gatini

@SimuTosha kaka yangu, simu unampigia mtu mmoja. Kama yuko msikitini, kama amelala, kama chaji imeisha, basi na wewe umeisha. Ukiita 16 unawaambia wote walio karibu kwa mpigo mmoja, na anayekufaa zaidi mara nyingi ni mtu usiyemjua kabisa, meli inayopita maili nne kutoka ulipo. Namba ya huyo utaitoa wapi? Halafu minara ya simu imejengwa kuhudumia watu wa nchi kavu. Ukitoka kidogo kwenye kivuli cha kisiwa inakatika, na ikilowa ndio kwaheri.

Nafanya kazi bandarini, sitasema ipi. Simu za "boti yetu haijarudi" zinakuja saa tatu za usiku kutoka kwa ndugu wa wavuvi. Unawauliza wana redio? Hawana. Walikuwa wanaelekea wapi? "Baharini."

Simu beba, tena kwenye mfuko usiopitisha maji. Ila iwe ya pili.

---

SimuTosha

Haya dada, nimesikia. Bado nasoma.

---

Mzamiaji_Diani

Hamjambo ndugu zangu wa upande huo. Mimi niko Diani, Kenya. Nina shida na naona hapa kuna wataalamu. Binamu yangu yuko Marekani, aliniletea redio nzuri sana, mpya, ya kufunga kwenye boti. Kwenye 16 nasikia na nasikika. 72 safi. Lakini kituo cha pwani kikiniambia nihamie chaneli yao ya kazi, mathalani 22, mimi nikiongea wao wananisikia, lakini wao wakiongea mimi nasikia ukimya mtupu. Fundi kabadilisha antena, kabadilisha waya, kala pesa yangu mara mbili. Mbona hivi?

---

Ofisa_Redio_Mstaafu

@Mzamiaji_Diani huyo fundi akurudishie pesa. Redio yako ni nzima kabisa, ila iko Marekani bado.

Chaneli nyingine zina masafa mamoja, wote mnatumia hayo hayo, kama 16, 06, 72. Nyingine zina masafa mawili: boti inatuma kwa moja, kituo cha pwani kinatuma kwa jingine, lililo juu yake kwa 4.6 MHz. Chaneli 22 kimataifa boti inatuma 157.100, pwani inatuma 161.700. Marekani kadhaa ya chaneli hizo za masafa mawili wamezikata zikawa za masafa mamoja kwa matumizi yao. Redio ikiwekwa kwenye mpangilio wa Kimarekani inatuma sawasawa lakini kwenye chaneli hizo inasikiliza mahali ambapo pwani yako haisemi kitu. Wao wakusikie, wewe uwe kiziwi.

Tafuta kwenye menyu mpangilio wenye herufi INT, USA na CAN. Weka INT, ya kimataifa. Wakati mwingine ni kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kwenye kioo ukiona herufi A pembeni ya namba ya chaneli, kama 22A, ujue uko Marekani.

---

Mzamiaji_Diani

Subhanallah. Kuna A ndogo pale kwenye kioo tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni alama ya antena. Kesho asubuhi nashuka botini.

---

Nahodha_Asiyepoa

Mimi nina ugomvi na mwanzisha uzi. Watu tisa, injini imekufa, unapelekwa na mkondo, halafu unaita Pan-Pan? Hiyo ilikuwa Mayday moja kwa moja. Heshima ya nini?

---

MkondoWaKusi

Mkuu tusigombane, hilo ni swali zuri. Mayday ni hatari kubwa iliyokwishafika: chombo kinazama, kinaungua, mtu kaanguka baharini na hamumwoni. Pan-Pan ni dharura, unahitaji msaada, lakini roho hazijafika kooni. Siku ile boti ilikuwa kavu, haijapiga mwamba, jua bado liko juu, wote wamevaa maboya ya kujiokolea. Kwangu hiyo ni Pan-Pan. Maji yangeanza kuingia au giza lingetukuta tunaelekea njia ya meli, ningepandisha.

---

Nahodha_Asiyepoa

Ungepandisha kwa chaneli iliyojaa taarabu?

---

MkondoWaKusi

Hapo umenikamata.

---

Ofisa_Redio_Mstaafu

Wote wawili mko sawa. Ukisitasita, pandisha. Mayday inaweza kufutwa baadaye kwenye chaneli hiyo hiyo mambo yakitulia, na hutapigwa viboko kwa kuwa uliogopa kwa haki. Anayepaswa kuona haya ni anayeitumia kwa mzaha.

Neno lenyewe lina asili ya kuchekesha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Frederick Mockford, ofisa wa redio katika kiwanja cha ndege cha Croydon, London, alitakiwa atafute neno la hatari ambalo marubani na watu wa chini wote wangelielewa. Ndege nyingi pale zilikuwa za kwenda na kurudi Paris, basi akachukua Kifaransa, m'aider, yaani kunisaidia, likatamkwa Kiingereza. Pan-Pan nayo ni Kifaransa, panne, kuharibikiwa. Sécurité ni ya tahadhari, mathalani gogo kubwa linaelea au taa ya mnara imezima. Kwa hiyo ukiita unasema Kifaransa cha Waingereza ukiwa Nungwi, na Mfilipino melini anakuelewa.

---

Mtumbatu_Asili

Nami niulize, Kiswahili je? Mimi Kiingereza changu ni cha kuuzia wageni madafu.

---

Dada_wa_Gatini

@Mtumbatu_Asili Kiswahili sema, boti za hapa na bandarini watakuelewa. Ila hakikisha mambo manne unayajua kwa lugha yoyote ile: neno Mayday mara tatu, jina la chombo chako mara tatu, ulipo, na idadi ya watu. Anayekusikia akijua hayo anaweza kuja, hata kama hakuelewa kuwa ni pampu au ni gia. Ulipo usome kwenye GPS tarakimu moja moja. Usiseme "hamsini na saba", sema "tano saba". Kama huna GPS taja umbali na upande kutoka kitu kilichoko kwenye ramani. "Nipo karibu na pale tunapovulia changu" haimsaidii Mgiriki. Ukimaliza maneno hayo ndio ueleze tatizo na msaada unaoutaka, halafu sema ova, uachie kitufe. Wengi wanasahau kuachia kitufe! Unaombewa dua, wewe umeshikilia.

Na tuache ile ya "ova na auti". Ova maana yake nangoja jibu. Auti maana yake nimemaliza, sisubiri. Ukizisema pamoja ni kama kumwambia mtu karibu ndani huku unafunga mlango.

---

PwezaMkavu

😂😂 Miaka yote kwenye sinema wanasema hivyo.

---

Kijana_wa_Mafia

Ndugu zangu, je, ukimsikia mtu anaita Mayday na wewe huna uwezo wa kwenda? Nina mashua ya tanga, upepo ukinikataa sifiki popote.

---

Ofisa_Redio_Mstaafu

Swali bora kuliko yote tangu uzi uanze.

Kwanza funga mdomo, chukua kalamu, andika unachosikia pamoja na saa. Ngoja kidogo, kituo cha pwani ndicho kinachostahili kujibu kwanza. Kikikaa kimya, wewe ndiye uliyebaki. Unaita "Mayday Relay" mara tatu, unasema wewe ni nani, kisha unarudia maneno ya yule mwenye shida kama ulivyoyaandika. Huenda yeye yuko chini, antena yake imelala majini, wewe kilomita sita kutoka kwake una mlingoti. Unakuwa daraja. Ukisikia mtu anatamka "silons Mayday" ujue anayesimamia uokoaji anaamuru kimya, kila mwenye shughuli nyingine aondoke 16 mpaka itangazwe imekwisha.

Na uwe umeiwasha redio. Titanic ilipozama mwaka 1912 kulikuwa na meli jirani, Californian, ofisa wake wa redio alikuwa ameshazima mitambo akalala. Nasikia vijana wanazima redio ili kubana betri ya muziki.

---

Fundi_Vyombo_Tanga

Hakuna aliyetaja chaneli 70 mpaka sasa, nashangaa. @MkondoWaKusi redio yako haina kile kitufe chekundu chenye kifuniko? Hiyo ni DSC. Unafunua, unabonyeza na kushikilia sekunde chache, redio yenyewe inatuma mlio wa kidijitali kwenye 70, una namba yako ya MMSI, ya kutambulisha chombo, na ulipo kama imeunganishwa na GPS. Redio zote zenye DSC zilizo karibu zinapiga kelele. Taarabu ya 16 isingekuzuia hata kidogo. 70 ni ya mitambo tu, msiongee humo kwa sauti kabisa.

Lakini MMSI lazima iingizwe. Tarakimu 9, tatu za mwanzo ni za nchi: Tanzania 674 au 677, Kenya 634. Unaipata kwa mamlaka ya nchi yako pamoja na leseni ya kituo, usijibunie. Nafunga redio nyingi za mitumba, nyingine zina MMSI ya mwenye boti wa zamani wa Ulaya. Ukibonyeza, wanakwenda kumpigia mzee wa watu huko kwao, anawajibu yuko kwenye bustani anamwagilia maua. Na redio nyingi zinakubali namba mara moja au mbili tu, ukikosea unairudisha kwa wakala aifungue. Andika kwanza kwenye karatasi.

---

MkondoWaKusi

@Fundi_Vyombo_Tanga kitufe kipo. Mwenye boti alisema ataleta namba. Mwaka wa pili huu.

---

Mgeni_Humu

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Ile taarabu ilikuwa yangu.

Naomba radhi mbele ya watu wote. Tulikuwa na shughuli ya familia, tumetia nanga karibu na mwamba, mikrofoni ilianguka katikati ya mito ya kukalia, shangazi yangu akaikalia. Mimi mwenyewe siku ile nilisema, mbona redio imetulia leo, hakuna anayeita? Sikujua kwamba ukiwa unatuma husikii. Nilikuja kugundua jioni redio ina moto na betri imekufa.

---

Fundi_Vyombo_Tanga

Umefanya la kiume kusema. Redio ikiwa kimya kupita kawaida, angalia kioo kwanza. Herufi TX, yaani inatuma, ikiwaka na wewe hujashika kitu, fukua mito. Redio nyingi siku hizi zinajikata zenyewe baada ya dakika tano za kutuma mfululizo, yako lazima ni ya kale. Njoo nikufungie kishikio cha mikrofoni ukutani, gharama ni soda.

---

MkondoWaKusi

@Mgeni_Humu yameisha ndugu yangu. Msalimie shangazi. Ila nitumie jina la wimbo, kijana wangu ananisumbua.

---

SimuTosha

Naombeni kujua, redio ya mkononi isiyoingia maji, wati 5, inatosha kwa boti ya fiberi ya mita saba? Nauliza kwa ajili ya rafiki.

---

Dada_wa_Gatini

Mwambie "rafiki" inatosha kuanzia. Anunue inayoelea, awe na betri ya akiba, na kuijaribu asiite 16 kila dakika "unanisikia, unanisikia". Amwombe mwenzake wahamie chaneli ya kuzungumzia, 72 au 77, waulizane huko. Wakiwa karibu washushe iwe wati 1, hakuna haja ya kumpigia kelele mtu aliye mita mia mbili mpaka asikike Bagamoyo. 13 awaachie manahodha wa meli kwa kupishana, 15 na 17 ni za ndani ya meli yenyewe, na asome tangazo la bandari yake ajue wanasikiliza chaneli gani ya kazi.

---

Mzamiaji_Diani

Nimerudi na habari. Nimeweka INT, ile A imeondoka. Nimekiita kituo cha pwani, tukahama, nikawasikia kama wamekaa humu botini. Yule fundi hapokei simu zangu.

Nikarudi 16 kwa furaha, wa kwanza kumsikia ni jamaa anauliza bei ya nguru leo. Nikamwambia, "Ndugu, hamia 72 nikujibu." Akahama. Nikamtajia bei.